Ukivunja Msimbo wa Watu, Sema Mwenyewe

Hotuba hii niliitoa Jumamosi iliyopita Kijitonyama, Dar es Salaam, mbele ya waandika programu wanaochangia miradi ya chanzo huria, yaani programu ambazo maandishi yake yako wazi kwa yeyote kuyasoma na kuyabadilisha. Mliokosa mliomba iwekwe yote, basi hii hapa kama ilivyosemwa.

Ndugu Mwenyekiti, wakubwa zangu shikamooni, kaka zangu, dada zangu na wadogo zangu mliojaa hadi kule mlangoni, habari za asubuhi. Itifaki imezingatiwa.

Niliombwa nizungumzie ubora wa msimbo, yaani maandishi yanayounda programu. Nitashika kipande kimoja tu cha ubora huo, kile ambacho hakuna programu ya majaribio inayoweza kukipima. Unafanya nini pale mabadiliko uliyoyaingiza wewe, kwa mkono wako, yanapovuruga kazi za watu usiowajua na wasiokujua?

Natoa mfano, na naomba tuupitie taratibu. Chukueni maktaba ndogo ya chanzo huria, yaani kipande cha msimbo ambacho programu nyingine hukitumia, inayopanga namba za simu za Tanzania. Mteja mmoja anaandika 0712 na tarakimu sita mbele yake. Mwingine anaanza na 255712. Mwingine anaweka alama ya kujumlisha, mwingine anaacha nafasi katikati. Maktaba inazipokea zote na kuzirudisha kwa sura moja: 0712 na kuendelea. Mtunzaji wake ni kijana wa hapahapa mjini. Usiku mmoja anaona heri namba zirudi kwa sura ya 255712, kwa kuwa mifumo mingi ya malipo ya simu ndivyo inavyozitaka. Wazo ni zuri. Anabadilisha mstari mmoja, anarekebisha majaribio yakubaliane na mstari mpya, anatoka toleo 1.4.2 kwenda 1.4.3, na kwenye kumbukumbu za mabadiliko anaandika "maboresho madogo". Analala.

Asubuhi, duka la dawa Manzese. Muuzaji anamtafuta mteja wa kisukari kwa namba ya simu aone mara ya mwisho alichukua dawa gani. Mfumo unasema hayupo. Anaandika tena namba, polepole. Hayupo. Mteja yupo, tena yupo miaka, ila alihifadhiwa kwa 0712 na sasa anatafutwa kwa 255712. Foleni inarefuka, muuzaji anamsajili upya. Hadi saa sita mchana duka lina wateja 40 waliosajiliwa mara mbili, historia zao zimekatika vipande viwili. Anapigiwa simu fundi aliyewafungia mfumo, naye anajibu maneno tunayoyajua wote: mtandao unasumbua, mama, subiri kidogo. Hana nia ya kudanganya. Hajagusa kitu tangu mwezi uliopita. Seva ilijivutia toleo jipya yenyewe usiku.

Nawauliza: katika jiji zima hili, ni nani anayeweza kujua kilichotokea? Ni mtu mmoja tu.

Mchana huohuo lalamiko la kwanza linamfikia yule mtunzaji. Anasoma, moyo unamdunda, kosa analiona palepale. Sasa atafanya nini? Wengi wetu tungerudisha mstari wa zamani kimyakimya, tukatoa 1.4.4, tukaandika "marekebisho madogo", tukafunga lile lalamiko kwa maneno mawili: tayari, jaribu. Msimbo umepona. Je, imeisha?

Haijaisha, ndugu zangu. Seva ya Manzese imevuta 1.4.4, maktaba inarudisha 0712 kama zamani. Lakini wale wateja 40 bado wamo kwenye hifadhidata kwa 255, na dawa walizochukua asubuhi ile zimeandikwa kwenye kumbukumbu ambazo hakuna atakayezitafuta, kwa sababu hakuna aliyeambiwa kwamba zipo. Pachi, yaani lile rekebisho, imerudisha msimbo. Pachi haiwezi kurudisha kilichokwisha kuandikwa kwenye data za watu. Kinachoweza kufika kule ni neno. Mtu aseme: kuanzia toleo hili hadi toleo lile, namba zilihifadhiwa hivi, zitafuteni hivi, ziunganisheni hivi.

Kwa hiyo jambo la kwanza, naomba mnielewe. Nikisema kukiri, sizungumzii adabu peke yake. Nazungumzia kazi ya kiufundi. Pachi isiyo na ungamo ni nusu ya pachi.

Na hili limetokea duniani kwa kiwango kikubwa kuliko duka la dawa. Mwaka 2006 mtunzaji wa kifurushi cha OpenSSL, programu ya kulinda mawasiliano kwa funguo za siri, kwenye mfumo endeshi wa Debian aliona zana ya kukagua matumizi ya kumbukumbu ya kompyuta, Valgrind, inalalamikia mistari fulani. Hakuwa mzembe. Aliuliza kwanza kwenye orodha ya barua pepe ya waandishi wa OpenSSL, na majibu aliyoyapata hayakumzuia. Akaiondoa. Kumbe mistari ile ndiyo iliyokuwa ikiingiza vitu vya kubahatisha wakati wa kutengeneza funguo za siri. Baada ya hapo, kitu pekee cha kubahatisha kilichobaki kilikuwa namba ya mchakato, na namba hizo zilikuwa na kikomo cha 32,768. Funguo ambazo hakuna ambaye angeweza kuzikisia zikageuka kuwa funguo ambazo mtu mwenye kompyuta ya kawaida anaweza kuzijaribu zote, moja baada ya nyingine.

Hali ikakaa hivyo hadi Luciano Bello, naye ni mtu wa Debian, alipoigundua. Tarehe 13 Mei 2008 Debian wakatoa tangazo. Tafuteni mlisome, lipo mpaka leo. Hawakusema changamoto imejitokeza. Changamoto hazijitokezi zenyewe kwenye msimbo. Kuna mtu aliziandika. Walisema kasoro imetokana na badiliko lisilo sahihi la Debian wenyewe, kwamba mifumo isiyotokana na Debian haina kosa hilo, ila inaweza kuathirika ikiwa imepokea funguo zilizotengenezwa kwenye Debian. Walitaja toleo lilikoanzia, 0.9.8c-1. Wakasema funguo zote zilizotengenezwa tangu toleo hilo zitengenezwe upya kabisa. Wakatoa na zana ya kugundua funguo dhaifu.

Fikirini wangetoa kifurushi kipya na kunyamaza. Funguo za kesho zingekuwa salama. Funguo za jana zilikuwa zimeshasambaa hadi kwenye seva ambazo hazijawahi kuiona Debian hata siku moja, na zingeendelea kufungua milango kwa yeyote mwenye subira ya kujaribu. Aibu ile waliibeba hadharani, na kwa kuibeba wakawalinda watu wasiowajua. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Kwenye programu huria maradhi unaficha wewe, na kifo kinamuumbua mwingine.

Jambo la pili: sema kwa jina lako. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo wengi tunapokwama.

Mnaijua curl, programu ya kuhamisha data mtandaoni. Hata kama hujawahi kuiandika amri hiyo, imo kwenye simu yako, kwenye televisheni, kwenye magari, mabilioni ya vifaa. Mtunzaji wake mkuu ni Daniel Stenberg wa Uswidi. Mwanzoni mwa mwaka 2020 aliandika upya sehemu inayozungumza na wakala wa SOCKS5, itifaki ya kupitisha mawasiliano kwenye seva ya kati, ili programu isikae imeganda ikisubiri majibu. Itifaki ile inaruhusu jina la mashine lisilozidi baiti 255. Jina likizidi hapo, curl ilitakiwa iamue kulitafutia anwani yenyewe badala ya kumpelekea wakala. Uamuzi huo ulihifadhiwa kwenye kigeu cha muda. Wakala akichelewa kujibu, msimbo unatoka na kuingia tena, kile kigeu kinaanza upya, uamuzi unasahaulika, na jina refu linanakiliwa kwenye nafasi isiyolitosha. Mlango huo unamtosha mshambuliaji. Kosa liliingia na toleo 7.69.0 mwezi Machi 2020 na likarekebishwa kwenye toleo 8.4.0, tarehe 11 Oktoba 2023.

Tazameni alivyofanya. Wiki moja kabla, alitangaza kwamba kuna kasoro kubwa inakuja kurekebishwa siku fulani, watu wajiandae, bila kutoa maelezo ambayo yangewasaidia wabaya. Siku ilipofika, sambamba na pachi, aliandika makala ndefu kwa nafsi ya kwanza: mimi ndiye niliyeandika, niliandika hivi, nilikosea hapa. Alihesabu hadi siku ambazo kosa lile lilikaa kwenye matoleo, siku 1,315, akaziweka mezani. Aliandika kwamba akiusoma msimbo ule leo hawezi kukosa kuliona kosa, na kwamba inamuuma kweli. Akaenda mbele zaidi akakubali kwamba kosa la aina hii lisingewezekana kama curl ingeandikwa kwa lugha ya programu inayozuia kuandika nje ya nafasi iliyotengwa kwenye kumbukumbu ya kompyuta, badala ya lugha ya C.

Huyu ni mtu mwenye jina kubwa kuliko sisi sote humu ndani. Amepoteza nini kwa kusema? Mimi sioni. Naona alichowapa waliobaki: kila mtunzaji mwenye msimbo wa namna ile sasa anajua aangalie wapi. Angeandika "marekebisho ya usalama" na kukaa kimya, somo lile tungelipata wapi?

Najua hofu ya vijana wetu, tena ziko mbili. Ya kwanza ni ajira: bosi akiona nimekiri hadharani, mkataba utakuwaje? Hofu hiyo ni ya kweli, na nitaigeukia kwa wakubwa muda si mrefu. Ya pili haisemwi sana. Kijana anaficha kosa kwa sababu anaogopa Kiingereza chake. Anajua mradi unasomwa Berlin na Bangalore, anaogopa kuandika aya nzima ya maelezo ikachekwa. Mdogo wangu, andika kwa Kiswahili. Andika sasa hivi, kwa Kiswahili ulichozaliwa nacho, toleo gani, kitu gani, nani anaguswa. Humu ndani yupo atakayekaa na wewe muitafsiri. Ungamo la Kiswahili la saa nne asubuhi lina thamani kuliko la Kiingereza safi la wiki ijayo.

Jambo la tatu: haki uliyonayo haikuondolei wajibu wa kusema. Mtu ataniambia, leseni yangu ni ya MIT, imeandikwa wazi kwamba programu inatolewa kama ilivyo, bila dhamana. Ni kweli. Leseni inakulinda usishtakiwe. Haimwambii muuzaji wa Manzese wateja wake wako wapi.

Tarehe 22 Machi 2016 Azer Koçulu, baada ya mgogoro wa jina la kifurushi na kampuni ya Kik, aliviondoa vifurushi vyake kwenye npm, hifadhi ya vifurushi vya lugha ya JavaScript. Kimoja kiliitwa left-pad, mistari 11 tu, kazi yake kujaza nafasi upande wa kushoto wa maandishi. Miradi maelfu ikashindwa kujengwa, ikiwamo Babel, zana maarufu ya waandishi wa JavaScript. Baada ya saa chache kifurushi kikarudishwa, na npm wakabadili kanuni za kuondoa vifurushi. Simhukumu, msimbo ulikuwa wake. Lakini waliokwama hawakuwa na ugomvi naye. Fundi bomba ana haki ya kufunga koki ya mtaa ili atengeneze kilichoharibika, ila kabla ya kuifunga anagonga milango, watu wajaze ndoo zao.

Kugonga milango kwetu sisi ni kitu rahisi. Toleo lina namba tatu, na utaratibu unajulikana: ukivunja matumizi ya zamani, namba ya kwanza ndiyo inapanda. Yule kijana wa namba za simu angetoa 2.0.0, akaandika sentensi mbili za kuwaeleza watu wahamie vipi, nisingekuwa na mfano wa kuwapa leo. Na toleo bovu likishatoka, PyPI, hifadhi ya vifurushi vya lugha ya Python, inakuruhusu kulitia alama ili visakinishi viliruke isipokuwa kwa aliyelitaja kwa namba yake kamili. Ukifanya hivyo, andika na sababu. Na tafadhali, tafadhali sana, usiandike upya kwa nguvu historia ya hazina unamohifadhi msimbo ili kosa lisionekane. Git, programu inayotunza historia hiyo, inayo amri ya kutengua badiliko na kuacha alama yake. Itumie hiyo. Historia iliyofutwa inamnyima fundi wa watu njia ya kujua kilichompata.

Jambo la nne ni chungu kidogo. Ungamo la baada ya kukamatwa linafika, lakini linafika likiwa limepungua uzito. Mwezi Aprili 2021 Greg Kroah-Hartman, mmoja wa watunzaji wakuu wa kiini cha mfumo endeshi wa Linux, alizuia michango yote kutoka Chuo Kikuu cha Minnesota. Watafiti wa chuo hicho walikuwa wamewahi kutuma pachi zenye kasoro kwa makusudi, kupima kama wakaguzi watazigundua, bila kuwataka ridhaa wale wakaguzi. Barua ya kuomba radhi iliandikwa tarehe 24 Aprili, na makala yao ya utafiti ikaondolewa. Lakini Linux Foundation, taasisi inayouunga mkono mradi huo, haikuwa inasubiri radhi peke yake. Ilitaka taarifa za kuitambua kila pachi iliyotumwa kwa majaribio yale. Nipeni orodha, ndilo lilikuwa neno. Na pachi za zamani kutoka chuo kile, zilizotumwa kwa nia njema na watu wengine kabisa, zikalazimika kukaguliwa upya. Nyingi mno zikakutwa hazina tatizo. Mnaona nani alilipa? Wakaguzi wanaojitolea, na wanafunzi ambao hawakuhusika.

Sasa msinielewe vibaya mkadhani ukishakiri basi ukimbilie kubomoa kila kitu. Tarehe 29 Februari 2020 Let's Encrypt, wanaotoa vyeti vya usalama vya tovuti bila malipo, waligundua kosa kwenye Boulder, programu yao ya chanzo huria. Ombi la cheti likiwa na majina kadhaa ya tovuti yanayohitaji kukaguliwa upya, programu ilichukua jina moja na kulikagua mara nyingi kama idadi ya majina, mengine yakapita. Walisimamisha utoaji wa vyeti dakika 2 baada ya kuthibitisha. Wakatangaza hesabu, vyeti zaidi ya milioni 3, na tarehe ambayo kosa liliingia, Julai 2019. Kanuni ziliwataka wavifute vyote ndani ya siku chache. Walifuta vile walivyoweza kufuta bila kuvuruga watu, zaidi ya milioni 1.7, kisha wakasema wazi kwamba vilivyobaki hawatavifuta kabla ya tarehe ya mwisho, kwa sababu tovuti nyingi mno zingeanguka. Uamuzi huo nao waliusema hadharani, pamoja na sababu. Hilo ndilo ninalolipenda.

Nimeandaa ujumbe wa mfano kwa ile maktaba yetu ya namba za simu. Nausoma kama ulivyo:

"Toleo 1.4.3 lilibadilisha sura ya namba kutoka 07 kwenda 2557. Badiliko hilo nililiingiza mimi, na halikutakiwa kutoka kama toleo dogo. Kama mfumo wako ulivuta 1.4.3, huenda una wateja waliosajiliwa mara mbili. Toleo 1.4.4 limerudisha sura ya zamani, ila halitarekebisha kumbukumbu zilizokwisha kuandikwa. Tafuta namba zinazoanza na 255 zilizoingia tangu ulipopokea 1.4.3, zilinganishe na zinazoanza na 0, kisha ziunganishe. Usifute kabla ya kuunganisha. Nimeweka hati ya kukusaidia kuzipata. Nipo hapa hadi saa nne usiku kujibu maswali."

Hakuna kujikomba humo, hakuna kujipiga kifua. Fundi wa Manzese akiusoma anajua afanye nini, na anajua amtafute nani.

Wakubwa zangu, niliahidi kuwageukia. Kosa lililokuja kuitwa Heartbleed liliingia OpenSSL tarehe 31 Desemba 2011, likajulikana kwa umma Aprili 2014. Robin Seggelmann, aliyeliandika, alijitokeza kwenye vyombo vya habari akasema alisahau kukagua urefu wa kigezo, na kwamba mkaguzi naye hakuliona. Wapo waliokwisha kumwita mhujumu. Lakini ndani ya maelezo yake kulikuwa na jambo kubwa kuliko yeye: mradi ulioubeba usalama wa intaneti ulikuwa na watu wachache mno wa kuukagua. Mwaka huohuo Linux Foundation na makampuni makubwa wakaanzisha mpango wa kuchangia miradi ya aina hiyo. Anayekiri huwa anakuonyesha na ufa ulio nyuma yake. Ukimtukana, ufa unabaki.

Kwa hiyo kijana wako akija na "nimevunja", neno la kwanza liwe asante. La pili liwe, tuwaambie akina nani? Maswali ya kwa nini yanaweza kusubiri jioni. Mnakumbuka kwamba mfumo wa DHIS2, uliozaliwa Chuo Kikuu cha Oslo, ndio unaobeba takwimu za vituo vyetu vya afya. Ni chanzo huria. Vijana wa humu wanaandika viunganishi vyake. Badiliko moja lililofichwa kwa hofu ya bosi linaweza kumfanya muuguzi wa kituo cha mbali ajaze ripoti ya mwezi mzima na isifike kunakotakiwa. Mnataka kijana huyo akuogope wewe, au aogope kunyamaza?

Baada ya chai, meza tatu za upande wa dirisha zimetengwa kwa wenye miradi isiyo na faili la kumbukumbu za mabadiliko. Njooni na kompyuta zenu. Tutaanza na toleo la mwisho tukirudi nyuma, na anayejua lipo badiliko lililowasumbua watu na hakulisema, ataliandika leo. Tutakaa naye hadi amalize. Dada zetu wawili wa mezani hapo wamejitolea kutafsiri.

Asanteni sana kwa kunisikiliza.